Kupigana judo ukiwa na msiba wa rafiki: yaliyonikuta mimi

Mdogo wangu, pole sana. Umesema una miaka 17, mwenzako wa mazoezi amefariki wiki 3 zilizopita, mashindano yamebaki siku 10, na kila unayekutana naye anakwambia "nenda ukamshindie". Nakujibu kwa sababu nilipitia hayo hayo nikiwa na miaka 19, na hilo neno "mshindie" ndilo lililoniponza.

Mimi na marehemu rafiki yangu tulishikana kola tangu tukiwa watoto. Asiyecheza judo ni vigumu kuelewa mwenza wa mazoezi ni mtu wa namna gani. Kutupa hujifunzi peke yako; lazima awepo mtu anayekukabidhi mwili wake umwangushe, ainuke, akupe tena. Tuliangushana maelfu ya mara. Kwenye uchikomi, zoezi la kurudia rudia kuingia kwenye mtupo bila kumwangusha mwenzako, yeye ndiye aliyehesabu kwa sauti, moja mpaka kumi, kisha zamu inageuka. Baada ya mazishi nikapangwa na mtu mwingine. Nilipofika kumi mikono iliachia yenyewe, nikabaki nimesimama nasubiri sauti yake. Makaburini sikutoa chozi. Nililia pale, katikati ya ukumbi, nimevaa judogi, vazi letu la judo.

Mashindano yalipofika nilikuwa sili wala silali. Mizani ikasoma kilo 62.8, na mimi napigana uzito wa chini ya 66, ambao wengi hujikamua kuufikia wakitokea juu. Sikumwambia mtu, niliogopa kuondolewa kikosini. Mwamuzi aliposema hajime, yaani anzeni, nilimvaa mpinzani kama vile yeye ndiye aliyemuua rafiki yangu. Kuzushi haikuwepo, sikumyumbisha hata kidogo, nikaingia na osoto-gari, mtupo wa kumfagia mpinzani mguu kwa nyuma, kwa hasira tupu. Akaipokea, akanigeuzia, nikatua mgongo mzima. Ippon, alama kamili inayomaliza pambano. Pambano la dakika 4, halikufika hata 1. Kushindwa nilikuzoea, lakini safari hii niliona nimemsaliti marehemu, na mzigo huo niliubeba kwa miezi.

Ndiyo maana nakusihi, usijiwekee deni la medali kwa mtu aliyekufa. Watakusimulia habari za Matthias Steiner, mnyanyua vyuma wa Ujerumani, aliyesimama kupokea dhahabu Beijing 2008 akiwa na picha ya mkewe aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 2007. Ni kweli tupu, na mimi hunigusa kila nikiikumbuka. Ila wale walioingia na majonzi yale yale wakatolewa raundi ya kwanza hakuna anayewasimulia, na wao pia waliwapenda watu wao.

Kushiriki au kutoshiriki amua mwenyewe, na vyote viwili ni halali. Mtafute kocha mkiwa wawili tu, si mbele ya timu, umwambie unalala saa ngapi na unakula nini. Kama usingizi hakuna, omba usiingizwe kwenye randori ngumu, yaani mapambano huru ya mazoezi. Hapo sina utani kabisa. Ukemi, ustadi wa kuanguka bila kuumia, inataka mwili ulio macho. Ukichelewa kidogo tu, kichwa ndicho kinachotangulia kwenye tatami, mikeka tunayopigania. Uzito ukiendelea kushuka, muone daktari kabla ya siku ya kupima. Kama una cheni au bangili yake usiivae, vitu vya chuma haviruhusiwi. Mpe kocha akushikie, utamwona ameketi nayo pale kwenye kiti chake.

Mimi nilirudi mashindanoni baada ya miezi 4. Kabla ya kuinama na kuingia tatami nilihesabu moja mpaka kumi, polepole, kama alivyokuwa akihesabu yeye. Nilipomaliza, nikamtazama mpinzani na kwa mara ya kwanza nikamwona alivyo: anashika kushoto, mguu wa mbele kauacha mwepesi. Nilipigana mapambano 3, nikashinda 2. Lile nililopoteza lilinikera kwa siku mbili hivi, kama kushindwa kwingine kokote, kisha likapita.

Kesho ukienda mazoezini, mwambie kocha mapema nani utashikana naye kwanza. Usiache ipangwe hivi hivi, maana mshiko wa kwanza na mtu mpya ndio mgumu kuliko yote. Na miguu ikikataa, vaa judogi yako, funga mkanda, ukae pembeni ya tatami uwatazame wenzako. Nilikaa hivyo jioni mbili. Ya tatu, mtoto mdogo wa mkanda mweupe alikuja akanishika mkono wa judogi, akaniuliza kama namhesabia.