Kwa mliookoka juzi: ungama kwa uliyemkosea kwanza

Nyinyi mliojiunga na ushirika wetu wa nyumbani hapa Kisumu juzi juzi, karibuni sana, na kuna jambo moja nataka mlijue mapema juu limeponya wengi na likifanywa ovyo linaumiza wengi pia. Mkifika mnaona watu wanasimama wanatoa ushuhuda wanalia, mnafikiri kuungama ni hivo tu, unasimama mbele ya watu unalia alafu yameisha. Hapana jamani. Anza na yule uliyemkosea, sisi wengine tutasikia baadaye.

Kuna dada anauza mitumba soko la Kibuye hapa Kisumu, alikuwa mweka hazina wa chama, kile kikundi cha akina mama cha kuchanga pesa, akachukua pesa za wenzake akalipia mtoto karo akijua atarudisha, hakurudisha. Siku moja akasimama kwa ushirika akaungama yote, tukaomba naye tukaimba. Lakini wale akina mama wenye pesa hakuna hata mmoja alikuwa hapo, wakasikia sokoni, na hiyo iliwauma kushinda pesa yenyewe, wakauliza mbona ameenda kutubu kwa watu ambao hakuwaibia? Ikabidi mzee wa ushirika na mama mwingine wamsindikize hadi kwa wale akina mama wenye pesa. Alikaa hapo katikati ya marobota akataja pesa yote bila kupunguza hata shilingi, na hakusema "kama niliwakosea mnisamehe", alisema "nilichukua". Wakapatana awe anatuma kidogo kidogo kwa M-Pesa kila Jumatatu baada ya soko kubwa la Jumapili na katibu anaandika kwa kitabu.

Someni Luka 19 muone Zakayo, hakuishia kusema pole, alisema atarudisha mara nne. Walawi 6 inataka urudishe chote na uongeze sehemu ya tano juu yake. Na Mathayo 5 Yesu anasema ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako uache sadaka hapo hapo madhabahuni uende mpatane kwanza. Hata wazee wetu wa uamsho, ule ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukapita Uganda ukafika kwetu, waliungama hadharani ndio, lakini pia walirudisha vitu walivyoiba na kulipa madeni, na majirani wakaona hawa watu kweli wamebadilika.

Ukiungama pia ungama yako, si ya mwenzako. Kama ulianguka na mtu, jina lake lisitoke mdomoni mwako mbele ya watu, yeye ana bwana, ana watoto, ana mama mkwe.

Na wewe unayesikiliza, Yakobo 5:16 inasema muungamiane na kuombeana, haisemi muandikiane kwa WhatsApp. Ile "tumuombee dada fulani anapitia mambo ya pesa za chama" ni umbea umevaa nguo ya maombi, na mtu akishachomwa hivo mara moja hafungui moyo tena, anakuja kila wiki anatabasamu huku anaoza ndani. Naliongea kwa uchungu juu nimeona watu wazuri tukiwapoteza hivo.

Kitu kingine, kama mtoto ameumizwa ama kunajisiwa, hiyo haimalizwi kwa kikao cha ushirika na maombi. Piga 116, ile namba ya simu ya kusaidia watoto hapa Kenya, ama uende polisi, na mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo kabla hajaogeshwa. Aliyefanya akitaka kutubu atatubu hata akiwa selo.

Sasa, unaweza kufanya yote haya vizuri na bado mtu akatae kukusamehe. Kwenye kile chama kuna mama mmoja alikataa hata salamu kwa muda mrefu. Tulimwambia dada asimsukume, asimtumie mistari ya Biblia, asiitishe kikao kingine, aendelee tu kutuma ile pesa kila Jumatatu, na akikutana naye sokoni amsalimie yeye kwanza, akiitikiwa sawa, asipoitikiwa pia apite kwa amani.