Asidi dhaifu siyo asidi yenye maji mengi, madogo mnaoanza fomu faivu nisikilizeni

Habari zenu madogo, hasa nyie wa michepuo yenye kemia, PCB, PCM na CBG. Kuna topiki inakuja itawapiga chenga kama ilivyonipiga mimi, ekwilibriamu (msawazo) ya asidi dhaifu. Siyo ngumu kihivyo, shida tunaingia nayo na akili ya mtaani, mtu akisikia dhaifu anajua imetiwa maji. Wapi bwana. Maji mengi au machache hiyo ni konsentresheni, udhaifu ni tabia ya asidi yenyewe, ni bahili wa kuachia haidrojeni yake.

Mimi ilinikutia maabara. Asidi ya ethanoiki, hiihii ya kwenye siki, mola 0.1, sentimita za ujazo 25 kwenye chupa, bureti (mrija wenye vipimo) ina besi, sodiamu haidroksaidi mola 0.1. Nikajisemea hii dhaifu, haili hata nusu ya besi anayokula mwenzake HCl, asidi kali. Nikadondosha MO (methyl orange, rangi ya kuonyesha asidi imeisha) maana ndo ilikuwa karibu. Bureti inakaribia 8 wekundu wote umeshaisha imebaki njano, tena ilibadilika polepole kama inasitasita, mi nikaandika 7.9 nikaanza kupiga hesabu kwa raha zangu. Jirani yangu kaweka POP (phenolphthalein, rangi nyingine ya kazi hiyohiyo), kapata 25. Nikamhurumia kabisa, nikijua kaharibu yeye.

Sasa iko hivi. Kwenye ile asidi ya 0.1, katika molekuli 1000 ni kama 13 tu zilizoachia haidrojeni, 987 zimetulia zima zima, ndo maana pH yake (kipimo cha ukali, ikiwa ndogo ndo kali zaidi) inakuja 2.9 wakati HCl ya 0.1 inasoma 1. Ila ukidondosha besi inazila zile ayoni chache za haidrojeni zilizo huru, msawazo unavurugika, molekuli nyingine zinaachia kufidia, besi inakula tena, hivyohivyo mpaka zinaisha zote. Kwa hiyo besi inayohitajika ni ileile ya HCl, 25 kwa 25. MO inamaliza kubadilika kwenye pH 4.4 na pale theluthi ya asidi haijafika hata kuisha, wakati mwisho wenyewe uko 8.7 hivi, maana ethanoeti iliyobaki inanyang'anya maji haidrojeni na kuacha mchanganyiko una ubesi kidogo. POP inaanzia 8.3, ndo size yake.

Kwenye hesabu mtafundishwa njia ya mkato, haidrojeni iliyoachiwa ni mzizi wa Ka (namba inayoonyesha asidi inaachia kiasi gani) mara konsentresheni. Ethanoiki Ka yake 1.8 × 10⁻⁵, weka 0.1, unapata 0.00134, safi. Ila jamani angalieni asilimia ya molekuli zilizoachia kwanza, ikizidi 5 acheni mkato mkapige kwadratiki. Chukua methanoiki, ile ya aina fulani za sisimizi wakikung'ata, Ka 1.8 × 10⁻⁴, mola 0.001, mkato unakwambia 42% imeachia, kwadratiki inasema 34%. Marks zinaondoka hapo.

Kingine kinachochanganya, ukiongeza maji kwenye ethanoiki kutoka 0.1 mpaka 0.01 asilimia inapanda kutoka 1.3 mpaka 4.2, mtu anakimbilia kuandika asidi imekuwa kali zaidi. Hapana, pH nayo imepanda mpaka 3.4, yaani ukali umepungua, asilimia imekua lakini ya kitu kilichopungua mara kumi. Ka yenyewe haijatikisika, hiyo inasubiri joto libadilike.

Na siku mkibahatika kupewa pH mita inayofanya kazi (sisi ilikuwa moja darasa zima, betri za kuombaomba), kwenye hiyo taitresheni (kudondosha besi kwenye asidi) msikimbilie 25. Simameni kwenye 12.5 kwanza msome. Nusu ya asidi imeshageuka ethanoeti, nusu bado, vinakatana kwenye fomula ya Ka, kwa hiyo pH mnayoiona hapo ndo pKa yenyewe (Ka ikiandikwa kwa mtindo wa pH), inatakiwa iwe 4.7 na ushee.