Turbo au bila turbo? Kabla hujamkabidhi fundi IST yako, soma hapa kwanza

Wakuu, swali hili naulizwa sana na vijana wenye IST, Vitz na Starlet: nataka gari iwe na nguvu, nifunge turbo au nichezee injini hivi hivi bila turbo? Na wengi wanachotaka kusikia ni idadi ya farasi tu, hii inatoa ngapi na ile inatoa ngapi. Mimi nimekaa na Glanza V, ile Starlet yenye turbo ya kiwandani, kwa muda mrefu na sasa hivi natembelea IST ya 1.5, zote nimezitoa Dar nikapanda nazo Iringa mpaka Mbeya, na msimamo wangu ni huu: ukitaka turbo tafuta gari au injini iliyozaliwa na turbo. Kama una 1NZ, yaani injini ya IST ya 1.5, iache ivute hewa yenyewe, pesa yako ina kazi nyingine ya maana zaidi.

Sababu ni joto. Turbo inazungushwa na moshi wa ekzosi, inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, inasukumia silinda hewa nyingi kuliko ambayo injini ingevuta yenyewe, hewa nyingi na mafuta mengi ndo nguvu nyingi. Sasa hewa ukiibana inapata joto, alafu pistoni ikija inaibana tena, joto linapanda juu ya joto. Likizidi mafuta yanajiwasha yenyewe kabla ya wakati wake na injini inaanza kugonga, unasikia kama kuna misumari inatikiswa ndani ya kopo, na ukiendelea kukanyaga mafuta na ule mlio upo ringi zinavunjika au pistoni inatoboka. Toyota walilijua hilo, ndo maana 4E-FTE, ile ya cc 1,331 ya Starlet GT na Glanza, waliipa kompresheni ya 8.2 kwa 1 tu, yaani pistoni inaibana hewa mara 8.2. 1NZ-FE ya IST ina 10.5 kwa 1. Yaani kabla hujafunga chochote hiyo injini tayari inabana sana, ilitengenezwa kula mafuta kidogo, na konrodi zake, vile vyuma vinavyoshika pistoni na krenkishafti, ni nyembamba, hilo linajulikana kwa kila anayezifungua.

Angalieni hili pia. TRD ambao ndo kitengo cha mbio za magari cha Toyota wenyewe waliuza Vitz RS yenye 1NZ iliyofungwa turbo, wakaishia farasi 150. Hao ni watu wenye kila kipimo na kila spea. Kwa hiyo fundi akikuahidi 220 kwa pistoni zile zile na kontrol boksi (kompyuta ya injini) ile ile ya kiwandani, usimpe gari.

Haya, upande wa pili. Bila turbo nguvu inapatikana, sio uongo, ila lazima ujue inakaa wapi. Chukua 4A-GE ya valvu 20 yenye kava jeusi, ya 1995, moja ya injini tamu kabisa Toyota waliyowahi kutoa kwenye gari ndogo: cc 1,600, kompresheni 11 kwa 1, kila silinda ina koo lake la hewa (mlango wa kuingizia hewa), inatoa farasi 165. Lakini hao farasi unawapata injini ikizunguka mara 7,800 kwa dakika, na nguvu ya kuvuta ni Nm 162 kwenye 5,600. Glanza ina farasi 135 tu ila inavuta Nm 157 kwenye 4,800. Umeona? Injini ya 1.3 inavuta karibu sawa na 1.6 ile tena mapema zaidi. Kwa barabara zetu hili ni jambo kubwa sana, sababu unatoka kijijini kwenye 50, tochi ya trafiki ipo, umekaa nyuma ya semi treila mbili, ukipata nafasi unataka gari ivute pale pale sio usubiri mpaka ifike 7,000. Kamshafti kali (inayofungua valvu zaidi na kwa muda mrefu) na hedi iliyochongwa vinakupa nguvu huko juu, na mara nyingi vinakupunguzia huku chini ambako unaishi kila siku. Kwa gari ya oto ndo kabisa, haikufai.

Na kuna habari ya milima ambayo watu wa Dar wengi hawaifikirii. Mbeya mjini upo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ya kule ni kama asilimia 82 ya hewa ya Dar. Injini isiyo na turbo inapungukiwa kiasi hicho hicho, IST ya farasi 109 ikifika kule ni kama una 90 hivi. Ndo maana unapanda mlima Kitonga na familia na mizigo, AC inawaka, gari inajirudisha gia ya pili inalia tu na mwendo hauongezeki, wenye haraka wanadhani injini imechoka. Turbo nayo inapoteza ila kidogo zaidi, kama asilimia 10 hivi, kwa vile presha yake inaongezeka juu ya ile hewa iliyopo. Kwa mtu anayeishi Mbeya, Njombe au Arusha, Glanza nzima ni gari nyingine kabisa.

Ila kwa mtu wa foleni ya Mandela au Mbagala sishauri. Ukikaa kwenye foleni nusu saa kila kitu chini ya boneti kinaiva, intakula, kile kipoza hewa ya turbo, haipati upepo, hewa inayoingia ni ya moto na kila nyuzi 3 za joto zinakuondolea kama asilimia moja ya hewa. Alafu oili ya turbo ndo damu yake, mimi nilikuwa namwaga kila kilomita 5,000 bila mjadala, na nikitoka safari ndefu naiacha injini iungurume dakika moja mbili kabla sijazima ili oili isiungulie kwenye shafti. Kama unajijua mtu wa kusogeza sogeza sevisi mpaka mwisho wa mwezi ujao, turbo haikufai, na nakwambia kwa nia njema.

Ukienda Ilala kutafuta 4E-FTE ya mtumba, usiangalie rangi wala usafi wa injini. Mwambie muuzaji afungue bomba la hewa la turbo, ingiza vidole ushike ncha ya shafti, isukume kushoto kulia. Kuyumba kidogo sana ni kawaida, ila feni ikigusa ukuta wake achana nayo. Alafu ivute mbele nyuma, hapo mkono usisikie ikicheza hata kidogo. Pitisha kidole ndani ya mabomba ya intakula, unyevu unyevu wa oili sawa, ikiwa imetuama nenda kwa mwingine. Na chukua na kontrol boksi yake, waya zake na gia boksi yake, ile ya Starlet ya kawaida haikutengenezwa kwa mzigo huo.

Kwa wenye IST na Vitz, naomba mnisikilize hapa. Kabla hujanunua filta ya koni, ambayo mara nyingi inavuta hewa ya moto ya pale pale kwenye injini, pima kompresheni, yaani presha ya kila silinda kwa geji. Silinda zote zikaribiane, tofauti isizidi asilimia 10. Moja ikiwa chini mwagia kijiko cha oili upime tena: ikipanda ni ringi, isipopanda angalia valvu. Kisha plagi mpya za aina sahihi, safisha nozeli, safisha koo la hewa na ile sensa ya hewa, angalia kama katalisti (kisafisha moshi kwenye ekzosi) haijaziba, badili oili ya gia boksi. Gari nyingi zinazoitwa hazina nguvu huwa zimepungukiwa vitu hivi tu. IST yangu baada ya kufanyiwa hayo ilirudi kupanda vizuri na mafuta ikapunguza, na pesa iliyobaki niliweka kwenye pedi nzuri za breki, shokapu na tairi mpya, mabadiliko unayasikia kwenye kila kona.

Na kama bado moyo unataka turbo tu kwenye hiyo 1NZ, sawa, gari ni yako, ila fundi kabla hajashika spana muombe akuonyeshe geji yake ya kupima mchanganyiko wa hewa na mafuta gari ikiwa inatembea. Akisema yeye anasikiliza kwa sikio, chukua funguo zako uondoke.