Usiiamini pawasoo iliyofunguliwa mpaka imekula karatusi

Nilishuka kutoka Molo kwa matatu, pawasoo yangu miguuni, tangi nimelikausha, na furaha niliyokuwa nayo ni ya mtu aliyenunua ng'ombe mwenye mimba. Ni Husqvarna 365 ya toleo la zamani, ya cc 65, na imenilisha mimi na watoto kwa miaka sita. Fundi wa kule Molo alikuwa "ameifungua", yaani ameiongezea nguvu: ameipanua njia ya moshi kwenye sailensa, ameondoa gasketi iliyo chini ya silinda ili mgandamizo uongezeke, kisha akarekebisha kabureta. Aliijaribu mbele yangu kwa kipande cha saipresi. Ilipita pale kama kisu kwenye parachichi lililoiva, na mlio wake uliwafanya wapita njia wageuke. Nililipa, tukaagana vizuri.

Kesho yake nilikuwa karibu na Ahero kwa mama mmoja aliyekuwa na magogo ya karatusi na alitaka mbao za kuezekea. Mkato wa kwanza ulikwenda vizuri. Kwenye wa pili, baa, yaani upanga unaobeba cheni, ikiwa imebakiza upana wa vidole vinne kumaliza gogo, mlio ulipanda ghafla ukawa mwembamba na mkali, halafu nguvu ikaisha mikononi mwangu kama mtu anayezimia. Niliachia mafuta papo hapo nikaizima.

"Mwanangu, hiyo mashine imeugua?" mama akauliza.

"Imeugua kidogo, mama."

"Basi iache ipumzike. Mti umeshalala, hauendi mahali."

Niliisubiri ipoe, nikafungua sailensa na kuchungulia kwa tochi kupitia tundu la moshi. Kwenye pistoni, upande wa kutokea moshi, kulikuwa na mikwaruzo miwili mifupi inayong'aa, kila mmoja mrefu kama punje ya mchele. Aluminiamu ilikuwa imeanza kujipaka kwenye ukuta wa silinda. Sekunde tano zaidi na ningekuwa naandika habari za kununua silinda mpya.

Fundi hakuwa amenidanganya. Kule kwake mashine ilikuwa sawa kabisa. Kosa ni kwamba iliandaliwa Molo, karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, ikapelekwa kazini kwenye uwanda wa Kano, ulio chini ya mita 1,200. Hewa ya Molo ni nyepesi, kwa hiyo fundi alibana skurubu ya petroli ili isizidi. Hewa ya Kano ni nzito. Kabureta ya skurubu haijui umeshuka mlima. Hewa inaingia nyingi zaidi na petroli haiongezeki kwa kiasi hicho, mchanganyiko unakuwa mkavu. Kwenye injini ya stroki mbili petroli ndiyo inayobeba oili na ndiyo inayosaidia kupoza pistoni. Ukipunguza petroli, umepunguza vyote vitatu kwa mkupuo mmoja. Na sailensa iliyopanuliwa huongeza ukavu huo, kwa sababu injini inapumua zaidi kuliko ilivyopimiwa kiwandani.

Tangu siku hiyo nina utaratibu wangu, na ningependa kila anayefungua mashine yake aufuate kabla hajachukua kazi ya mtu.

Kabla ya yote, muulize fundi pengo limebaki kiasi gani kati ya pistoni na kichwa cha silinda baada ya kutoa gasketi. Kipimo ni rahisi: unaingiza waya laini wa kulehemu, ule wa mafundi redio, kupitia tundu la plagi mpaka uguse ukuta wa silinda, unavuta kamba polepole pistoni iubane, unautoa na kuupima ncha iliyobanwa. Mimi sikubali chini ya nusu milimita. Fundi asiyekuwa na jibu la swali hili amekisia, na kukisia hapo ni kucheza na pistoni ya mtu mwingine.

Kisha iwashe na uiache itulie bila kubonyeza mafuta. Cheni isitembee. Iinamishe mbele, nyuma, ubavuni: mlio usibadilike sana. Ikipanda mbio yenyewe ukiinamisha, au ikichelewa kushuka ukiachia mafuta, kuna hewa inayopenya mahali, kwenye sili au kwenye mpira wa kabureta, na hakuna skurubu itakayoiponya. Jaribu breki ya cheni pia. Mashine iliyoongezwa nguvu ikirusha baa kukuelekea inarusha kwa nguvu zaidi, na breki iliyokuwa inatosha jana huenda leo isitoshe.

Sasa gogo. Hapa ndipo wengi tunajidanganya, kwa sababu tunachukua chochote kilicho karibu na karakana. Saipresi na mgrevilea ni laini, mashine yoyote inang'aa humo. Tafuta mti mgumu, na ule ule utakaoufanyia kazi. Kwangu ni karatusi iliyokatwa miezi michache, imeanza kukauka, nene kama sentimita 45, imenyooka, haina mafundo. Siala pia inafaa ukipata gogo nene. Mvule ningeuacha, ingawa huku Magharibi ndio mti wenye heshima: ndani yake mara nyingi kuna mawe ya chokaa ambayo mti umejiwekea wenyewe, huyaoni kutoka nje, na jino la cheni likigonga moja jaribio lako limeharibika na cheni pia. Miti iliyokuwa mpakani mwa boma nayo ina misumari na seng'enge zilizomezwa na gome tangu enzi za babu. Bandua gome sehemu utakayokata, maana karatusi iliyoburutwa chini imebeba mchanga.

Cheni iwe imenolewa upya, tena kwa tupa ya saizi yake, meno ya kushoto na kulia yakiwa sawa. Watu wengi wamesifu mashine iliyofunguliwa kumbe walichosifu ni cheni mpya waliyofunga siku hiyo hiyo. Nilipofanya jaribio langu kwa haki, niliazima 365 nyingine ambayo haijaguswa kutoka kwa mwenzangu, nikatumia baa ile ile ya inchi 24 na cheni ile ile, nikiihamisha kutoka mashine moja hadi nyingine na kuipitisha tupa kila mara. Kijana alishika saa ya simu. Mkato wa kwanza wa kila mashine tuliutupa kwa sababu injini haijapata joto. Isiyoguswa ilitumia sekunde 20, 19, 20. Yangu ilitumia 16, 16, 15. Ni sekunde nne tu. Kwa siku nzima ya magogo hiyo ni saa nzuri na ni petroli, lakini kama umeahidiwa mashine yenye nguvu maradufu, umeahidiwa maneno.

Usiikandamize. Acha uzito wake na meno yavute. Ukiisukuma sana unapima mabega yako.

Sikio ndilo lenye kazi kubwa kuliko saa. Ukiwa nje ya mti na mafuta yote yamebonyezwa, kwa sekunde mbili tatu tu, injini yenye petroli ya kutosha hukoroma kidogo, mlio wake una kokoto ndani. Meno yakiingia kwenye mti, mkoromo huo unatoweka na mlio unakuwa safi. Ukiinua kidogo bila kuachia mafuta, mkoromo unarudi. Hiyo ndiyo hali unayoitaka. Kama nje ya mti inalia safi, kali, kama filimbi, inaonekana tamu lakini ni kavu. Fungua skurubu ya H, ile ya petroli ya mbio kubwa, kinyume cha saa, thumuni ya mzunguko kwa wakati, ukate tena, usikilize tena. Kama inakoroma hata ndani ya mti na inatoa moshi mzito, umezidisha, rudisha kidogo. Baadhi ya mashine za karibuni zina kidhibiti cha mbio kwenye koili, nacho kinatoa mlio unaofanana na mkoromo, kwa hiyo kwa hizo tumia kipima mizunguko na ukomo ulioandikwa kwenye kitabu cha mashine.

Mchanganyiko wa oili uuamue kabla ya kugusa skurubu na usiubadilishe tena. Mililita 20 kwa lita ni moja kwa hamsini, inataka oili nzuri ya stroki mbili. Ukitumia oili ya stroki mbili ya kawaida, weka 40. Oili ikiongezeka, petroli inayopita pale pale inapungua, kwa hiyo ukihama kutoka 20 hadi 40 bila kurekebisha umeikausha mashine kidogo huku ukidhani umeilinda.

Halafu ije kazi yenyewe. Kukata gogo mapande ni salamu tu. Sisi huku tunapasua mbao kwa mkono, na upasuaji wa mbao moja ya futi 12 unaweka injini kwenye mzigo mzito kwa dakika kadhaa mfululizo bila kupumua. Pistoni yangu iliponea kwenye mkato mfupi. Ingekuwa katikati ya mbao, isingepona. Kwa hiyo siku ya kwanza pasua nusu urefu, simama, iache itulie dakika moja kabla ya kuizima ili feni iondoe joto. Angalia ncha ya baa kama oili inafika. Angalia unga: cheni ya kukatia mapande ikitoa vumbi badala ya chenga imekwisha makali, ila kwenye kupasua unga huwa mwembamba hata cheni ikiwa kali, kwa hiyo hapo usihukumu kwa macho, hukumu kwa jinsi inavyovuta.

Mwisho wa mbao ya kwanza, mara hiyo moja tu, izime mara tu mkato unapoisha bila kuiacha itulie, ili plagi ibaki na rangi ya kazi, ikipoa toa plagi. Rangi ya chai ya maziwa ni njema. Nyeupe ni hatari. Nyeusi yenye mafuta ni petroli nyingi, haiui mashine leo. Fungua na sailensa, chungulia pistoni kama nilivyofanya pale Ahero. Ni boliti chache tu, na ni jicho hilo lililoniokoa.

Mambo mawili kuhusu sailensa iliyopanuliwa siwezi kuyapita. Wavu wa kuzuia cheche usitolewe. Januari na Februari majani ya Nyando ni kama karatasi, na cheche moja inatosha shamba la miwa la jirani. Na masikio: pawasoo hata ikiwa haijaguswa inapita desibeli 100, ikifunguliwa inazidi. Nawajua wazee wawili wa kazi hii ambao ukiwasalimu wanatazama midomo yako. Nunua vifuniko vya masikio kwanza, ndipo ulipe fundi.

Mikwaruzo ile niliisugua kwa msasa laini, nikaondoa aluminiamu iliyoganda kwenye silinda, na mashine ikarudi kazini wiki ile ile. Mbao za mama zilipasuliwa zote. Huwa bado napanda Molo kwa kazi mara mbili tatu kwa mwaka, kwa hiyo kwenye mwili wa kabureta, pembeni ya skurubu ya H, nimeweka nukta mbili kwa rangi ya kucha ya mke wangu. Nyeupe ni ya Molo, nyekundu ni ya Kano. Nikifika, kabla sijaweka petroli, ninatoa bisibisi na kuangalia ufa wa skurubu unaelekea nukta gani.