10 < n² < 50: kwa nini majibu ni 8, si 4

Mdogo wangu, swali linauliza ni namba kamili (n) ngapi ambazo kipeo chake cha pili (n²) kiko kati ya 10 na 50; wewe umepata 4, kitabu kinasema 8. Vipeo vyako 16, 25, 36 na 49 ni sahihi kabisa; ulichoacha ni hasi. Hasi mara hasi ni chanya, kwa hiyo −4, −5, −6 na −7 nazo zinaingia.

Hapa ndipo wengi wanapoteza alama: n² < 50 haimaanishi n < 7.07 (takriban kipeuo cha pili cha 50) peke yake, maana −20 ni ndogo kuliko 7.07 lakini kipeo chake ni 400. Andika −7.07 < n < 7.07. Pale sifuri inapoingia, nayo ihesabu: kwa mfano, n² < 10 ina majibu 7.

Kwenye karatasi ya UCE (mtihani wa mwisho wa Senior Four nchini Uganda), pigia mstari maneno "namba kamili" au "namba kamili chanya" kabla hujaanza. Ukikwama tena, mwonyeshe mwalimu hatua zako zote.