Re: Kibao cha New York State Police, ni cha 1912 kweli?

Habari ndugu. Umeuliza kama kibao cha namba cha gari chenye maneno "State Police" (polisi wa jimbo), ambacho muuzaji anasema kilitoka New York mwaka 1912, ni halisi. Mwaka huo hauwezekani. Kikosi chenyewe kilianzishwa 1917, na askari wake wa mwanzo walipanda farasi.

Usilipe kwanza. Chukua rula. Marekani ilikubaliana juu ya kipimo kimoja, inchi 12 kwa 6, mnamo 1956. Kabla ya hapo kila jimbo lilikata lilivyotaka. Kikiwa na kipimo hicho, yaani kama sentimita 30.5 kwa 15.2, basi huenda ni cha baada ya hapo. Halafu zima taa, ukimulike kwa tochi. Kikiwaka kama kibao cha barabarani, hicho si cha enzi za farasi.

Mimi niliwahi kuuziwa kimoja chenye kutu nzuri kabisa, ila matundu ya skrubu yalikuwa yanang'aa, mapya. Iliniuma sana. Picha uliyoweka ni ya mbele tu, nami siwezi kukadiria umri bila kuona mgongo wake. Mwombe muuzaji picha ya nyuma, karibu na matundu, uitupie hapa.