Kabla hamjanunua ruta ya antena sita kwa ofisi ya watu wanane

Dada, umesema ofisi yenu ya Mbale ina watu wanane, kompyuta tano za mezani, laptopu tatu na printa moja, na wote mnavuta intaneti kwenye mifi moja (kile kifaa kidogo cha mfukoni cha laini ya simu kinachotoa wifi) iliyolazwa juu ya kabati. Bosi sasa anataka kununua ruta kubwa yenye antena sita ili shida iishe. Nakuomba umshike mkono kwanza. Pesa hiyo hiyo ikigawanywa vizuri itawafaa zaidi, na nasema hivyo kwa sababu ruta ya namna hiyo niliwahi kuinunua mimi mwenyewe.

Nafanya kazi kwa wakala wa forodha hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya. Ofisi yetu ni makontena mawili ya futi 20, moja kila upande wa yadi, na mashine saba kwa jumla. Karibu kazi yote iko kwenye ASYCUDA World, mfumo wa forodha wa mtandaoni wa mamlaka ya mapato, URA: unaingiza entri, yaani tamko la mzigo, unapandisha nyaraka ulizoskani, unangoja. Entri haili data nyingi, ila haitaki mtandao unaoyumbayumba. Ukikatika katikati unaanza kuhangaika upya, huku dereva amesimama mlangoni na mwenye mzigo anapiga simu kutoka Kampala kila dakika kumi.

Basi nikaleta ruta ya antena nyingi, nikaiweka kontena la kwanza. Kontena la pili halikupata kitu. Wimbi la wifi likigonga bamba la chuma linarudi lilikotoka, na wingi wa antena haubadilishi hilo. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hata palepale ilipowekwa, kasi haikuongezeka. Wifi haikuwa na tatizo tangu mwanzo. Laini, yaani mawimbi ya mtandao wa simu yanayotufikia, ndiyo iliyokuwa dhaifu, kwa sababu kile kifaa cha kupokea mtandao wa simu kilikuwa kimefungiwa ndani ya sanduku la chuma.

Kwa hiyo anza hapo. Ingia kwenye ukurasa wa mipangilio wa mifi yenu, utafute namba inayoitwa RSRP, kipimo cha nguvu ya mawimbi ya simu yanayofika. Ni namba hasi, na kadiri inavyokaribia sufuri ndivyo laini ilivyo na nguvu. Ikiwa -85 au -90 mko vizuri. Ikishuka kupita -110, hakuna ruta ya ndani itakayowaokoa. Yetu mezani ilisoma -112. Nilipoitoa nje na kuinyanyua usawa wa paa ikasoma -91. Mita tatu tu! Ichukue ya kwenu uizungushe ofisini, dirisha hadi dirisha, na laini ya MTN kisha na ya Airtel, uandike namba. Kazi ya nusu saa, na haina gharama.

Ukishajua laini inaingilia wapi vizuri, nunua ruta ya laini inayokaa mahali pamoja, yenye tundu za antena ya nje, badala ya mifi. Mifi imetengenezwa kwa mtu anayesafiri. Ukiipa mashine nane na simu za kila mtu inapata joto na kuanza kujizima. Na msidanganywe na namba za kwenye boksi. N300 maana yake ni megabiti 300 za wifi kwa hesabu ya karatasi, wakati matundu ya waya ya ruta hizo kwa kawaida ni ya megabiti 100. AC1200 ni 300 za masafa ya gigahezi 2.4 na 867 za masafa ya gigahezi 5 zikijumlishwa na kukadiriwa juu. Hakuna mashine moja itakayoziona zote.

Sasa jambo ambalo ningependa bosi alisikie: kompyuta tano za mezani na printa hazihami. Zivutieni waya. Kwenye wifi mashine zinapokezana kuongea kwenye chaneli moja, na kila inayoongezeka inazifanya nyingine zisubiri. Kwenye swichi, kisanduku cha kuunganishia waya za mtandao, kila mashine ina njia yake. Swichi ya matundu 8 ni kitu kidogo cha bei nafuu, haihitaji kusetiwa, unachomeka tu. Kwa hesabu yenu, printa na waya wa kutoka kwenye ruta zikiingia mmebakiwa na tundu moja, kwa hiyo mkiweza chukueni ya 16. Wifi iachieni laptopu na simu, na mtashangaa jinsi itakavyopumua.

Waya ndio mahali watu wanapoibiwa. Nenda dukani na wembe. Omba kipande cha Cat5e, waya wa kawaida wa mtandao, kwangua uzi mmoja. Ukiona wekundu wa shaba hadi ndani, nunua. Ukiona weupe wa fedha chini ya ngozi nyembamba nyekundu, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Inakatika ikikunjwa mara mbili tatu, na hitilafu yake inakuja na kuondoka hadi uchoke kichwa. Mwenye duka mmoja alinikasirikia nilipokwangua. Niliondoka, nikanunua jirani yake.

Kisha simama na fundi anapobana vichwa vya waya, zile plagi za mwishoni. Mpangilio uliozoeleka ni huu, kutoka kushoto, klipu ikiwa upande wa chini: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Fundi wetu wa kwanza alizipanga jozi kwa jozi jinsi macho yalivyopenda, akaweka kijani mara baada ya nyeupe-kijani. Taa iliwaka, mtandao ukawa unakokota, na tulilaumu laini ya simu kwa wiki mbili nzima. Waya mmoja usizidi mita 100.

Mifi ya zamani msiichomeke kwenye swichi "isaidie". Mwenzangu alichomeka ruta yake ya zamani kwenye swichi yetu kwa nia njema kabisa. Kila ruta inagawa anwani kwa mashine, kazi inayoitwa DHCP, na zikiwa mbili zinagombana: nusu ya ofisi ikapewa 192.168.0, nusu 192.168.1, na printa ikapotea kwa wale wa upande wa pili. Asubuhi yote ilipotea. Ruta ya pili mkitaka kuitumia kusambaza wifi chumba cha nyuma, zimeni DHCP yake kwanza, ipeni anwani isiyogongana na ya kwanza, halafu waya uingie kwenye tundu la LAN, yaani la mashine za ndani.

Wageni wapeni wifi yao yenye jina na neno la siri tofauti. Kwenye kompyuta za Windows wekeni alama kwamba mtandao ni wa kupimiwa ("metered connection"), la sivyo masasisho yatameza bando.

Nisimalize bila radi, maana wilaya yetu ya Tororo inajulikana kwa radi. Waya wetu wa shaba ulipita juu ya yadi, kontena hadi kontena. Alasiri moja radi ilipiga karibu, wala haikutugusa, lakini mkondo wake ukaingia kwenye ule waya: tundu tatu za swichi zikafa, na kompyuta mbili zikapoteza tundu zao za mtandao. Taa ziliendelea kuwaka kama kawaida, ndiyo maana ilituchukua muda kuelewa. Sasa kati ya makontena tuna faiba, waya wa kioo unaopitisha mwanga, isiyo na uzi wa chuma, na kibadilishi cha kugeuza mwanga kuwa umeme kila mwisho. Kioo hakipitishi umeme. Kama chumba chenu cha nyuma ni jengo jingine, fanyeni hivyo tangu mwanzo. Kama ni jengo lilelile, shaba inatosha.

Umeme ukikatika, laptopu ina betri yake lakini ruta haina. Betri ya volti 12 yenye 7Ah (ampea-saa 7) ina wati-saa 84 hivi. Ruta na swichi zinazokula wati 12 pamoja zitaenda saa tano au sita betri ikiwa mpya. Ila someni kibandiko cha kila adapta kabla ya kuunganisha, kwa sababu ruta nyingi ni za volti 12 na swichi ndogo nyingi ni za volti 5, na plagi zake zinaweza kufanana kabisa. Printa ya leza msiiweke kwenye betri hiyo. Inapopasha moto inavuta umeme mwingi mno, na itazima kila kitu mlichokuwa mnakilinda.